Shemeji, Fimbo 14 na Mvua ya Mtwara

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wa kwangu kaja na majembe yake mwenyewe, 14, kila moja limevalishwa kofia, yote ndani ya begi refu kunizidi mimi. Nilipomfuata stendi na bajaji nilidhani kabeba mabomba ya maji. Kumbe ni fimbo za gofu, na 14 ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwenye huo mchezo wao. Ingeruhusiwa 40, wallahi angekuja nazo 40.

Huyu ni kaka yake mama Zuhura, anaishi Dar, ana kazi ya kiyoyozi. Likizo yake kaamua kuja kuimalizia kwetu Mtwara, eti apate jua.

Jua! Mwezi wa kwanza! Dar sawa, wao mwezi wa kwanza vuli imekwisha na masika bado, wanapepewa tu. Huku kusini hatuna mambo ya kugawagawa mvua mafungu. Tuna msimu mmoja, unaanza Novemba unakwenda mpaka Aprili, na Januari ndiyo umekolea. Nilimwambia yote hayo kwenye simu. Akanijibu, "Shem, sisi watu wa gofu hatuogopi matone."

Haya. Akauliza uwanja uko wapi. Nikampeleka uwanja wa mpira wa mtaani kwetu Chikongola, ule wenye mbuzi. Akautazama kama anaaga maiti, halafu akasema tutajibanabana. Watoto wakapewa hela ya barafu wachimbe mashimo. Na shimo la gofu lina kipimo, ndugu zangu, upana milimita 108, si 107. Mtu kaja na rula! Yanatakiwa 18. Watoto walipofika la sita barafu ikawa imeisha, nao wakaisha. Shemeji akasema hapana shida, tutazunguka mara tatu.

Kubeba begi, mimi. Nikaulizia, kwa heshima tu, huko Dar kijana wa kubeba hulipwa kiasi gani. Mama Zuhura alinikata jicho hilo, nikaona nyota mchana.

Shimo la kwanza alilipata baada ya kumkosa mbuzi mara mbili. La pili likaenda. Tunalikabili la tatu, likatokea wingu upande wa Msangamkuu, jeusi tii, halina hata adabu ya kunguruma kwanza. Dakika hazikwisha nyingi uwanja ukawa bahari, mashimo yote yamejaa, vyura wamehamia na familia zao. Mpira wa shemeji ukazama. Nikamwambia basi shem, umeshindwa, twende nyumbani. Akacheka. Akasema sheria inamlinda: mpira ukiingia kwenye maji ya mvua unauokota, unausogeza pakavu, hupunguziwi kitu. Masharti ni usisogee karibu zaidi na shimo.

Nilisimama pale, maji yananiingia mpaka kwenye mifuko, nikajiuliza sheria hiyo kwa nini wamepewa mipira tu. Mimi bajaji yangu juzi imezimikia kwenye dimbwi, maji yamefika kwenye plagi. Nani alikuja kuinyanyua aiweke pakavu? Abiria alipandisha miguu kwenye siti, akaniambia, "Dereva, shuka usukume, mimi nimevaa viatu vya ofisini." Nimesukuma mpaka ng'ambo. Alipofika akanipa nusu ya nauli, kwa hoja kwamba nusu ya safari bajaji haikuwaka. Halafu kusogea karibu na shimo ndiyo kazi yenyewe, maana barabara ya mtaa wetu ukikimbia shimo hili umelikaribia lile.

Radi ikapiga. Hapo shemeji akatupa fimbo kama imemng'ata, mbio chini ya kibanda cha mama wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Akanieleza huku anahema kwamba radi ikionekana mchezaji anaruhusiwa kuacha mwenyewe, hangoji mtu, na kwenye klabu kubwa wanapuliza king'ora wote waingie ndani. Wakishaingia? Wanakunywa chai. Wanakula sambusa. Wanalalamika mvua imewaharibia siku.

Tajiri wangu, mwenye bajaji, hajui radi. Anajua hesabu ya jioni, ile hela ninayompelekea kila siku. Ukimwambia leo mvua ilikuwa ya mawe atakuuliza, "Kwani watu wakinyeshewa hawapandi bajaji?" Na kweli wanapanda, wote kwa pamoja, na matope, na mwavuli wa kukuchoma shingoni, na kuku.

Shemeji, kwa kunifariji nadhani, akanisimulia kwamba mwaka 1971 Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga mipira miwili ya gofu mwezini. Nikamwambia ndiyo maana, kule hakuna mvua wala mbuzi, na begi hakubebeshwa shemeji yake.

Ming'oko ikaiva, akala sahani nzima na pilipili, malipo akanionyesha mimi kwa kidevu. Nikaona nimuulize kiungwana: shem, kwa hali hii ya hewa, si bora urudi Dar kwenye ukavu? Tikiti nitakukatia mwenyewe, hata siti ya dirishani.

Akajifuta mdomo. Akasema gofu haiko hivyo. Mchezo ukisimamishwa kwa mvua haujafutwa, unaendelea pale ulipoishia, na yeye hajawahi kuuacha mchezo njiani tangu aujue. Likizo anaweza kuiongeza, bosi wake naye ni mtu wa gofu, ataelewa. Mama Zuhura kwa furaha kaenda kununua kiroba kingine cha unga, kwa hela ya hesabu.

Mvua ni mpaka Aprili. Tuko shimo la tatu.