Mapenzi Yasisingiziwe: Othello na Leso Yake

Juzi nilikuwa kwenye matatu, magari hayasogei pale Changamwe, redio iko juu kama kawaida. Taarifa ya habari: mwanamume amemuua mkewe. Mtangazaji, kwa sauti ileile anayosomea bei ya mafuta, akamalizia kwamba inashukiwa chanzo ni wivu wa mapenzi. Mzee aliyeketi kando yangu, shati limepigwa pasi, miwani puani, akatikisa kichwa. "Othello huyo, mwanangu. Mapenzi yakizidi ni balaa."

Nikanyamaza kwa adabu. Adabu hiyo imenikaa kooni mpaka leo.

Mapenzi yakizidi! Mzee wa watu hakujua kwamba ananukuu utetezi wa mshtakiwa. Maana maneno hayo ni ya Othello mwenyewe, yule jemadari wa mchezo wa Shakespeare, baada ya kumziba mkewe pumzi kitandani: anawaomba waliosimama pale wakasimulie kwamba alikuwa mtu aliyependa bila busara, lakini alipenda mno. Muuaji anajiandikia taarifa ya habari, na sisi tangu siku hiyo tunaisoma kama alivyoiandika.

Shuleni tulipewa neno moja ubaoni: dhamira, wivu. Nukta. Tukanakili, kengele ikalia. Hatukuambiwa kwamba Shakespeare aliiokota hadithi hii kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565, na kwamba humo hakuna ushairi hata wa dawa. Yule jemadari Mmoor, yaani mtu wa Afrika Kaskazini, na afisa wake wanampiga mwanamke kwa soksi iliyojazwa mchanga hadi afe, halafu wanaiangusha dari juu yake ionekane ajali. Soksi ya mchanga na dari bovu. Hiyo ingesomwa redioni bila kubadilishwa neno. Mchezo ulipofika kasri la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604, soksi ilikuwa imeondoka, umeingia mshumaa, shuka nyeupe na busu la kuagana. Ni maneno mazuri, sikatai, mazuri ya kutoa machozi. Na machozi yenyewe tukayapeleka kwa mwenye mikono iliyoua.

Halafu leso. Mwaka 1693 mhakiki Mwingereza, Thomas Rymer, aliucheka mchezo huu mpaka basi. Akauliza mbona usiitwe tanzia ya leso, akasema funzo lake ni wake wema waangalie vitambaa vyao. Kelele zote hizo kwa kitambaa cha kufutia pua! Bwana Rymer angekaa barazani na nyanya yangu jioni moja tu. Kwetu Mombasa neno leso tumelichukua kwa Wareno, tukaliita kitambaa cha mkononi, tukaliita na vazi zima la mwanamke, na hakuna asiyejua kwamba leso ikionekana mahali pasipo pake, mtaa wote umeshasoma barua. Othello anamwambia mkewe Desdemona kwamba ile leso ya maua ya stroberi mamake alipewa na Mmisri, ina uganga wa kushika moyo wa mume. Sasa hapo kuna cha kuchekesha? Nyanya angesema tu, basi angeifungia sandukuni.

Yeye mwenyewe aliwahi kuibiwa kambani leso ya harusi yake. Au ndivyo alivyodhani. Wiki ya pili akaiona kiunoni kwa jirani. Nakumbuka alivyovuka uchochoro, buibui nusu begani, akapiga hodi kwa ngumi. Waligombana nusu ya alasiri, kisha ikajulikana kwamba upepo uliipeperusha na mtoto wa jirani akaiokota. Walinuniana mwezi mzima. Lakini nyanya, kwa hasira zake zote, alifanya jambo ambalo jemadari wa jeshi la Venisi hakulifanya: aliuliza upande wa pili.

Hapa ndipo ninapopandwa na mori. Othello anadai ushahidi wa macho, anapewa kitambaa mkononi mwa Cassio, luteni wake anayesingiziwa kuwa mpenzi wa Desdemona, na maneno ya Iago, askari mwenzake, anatosheka. Desdemona anamsihi: mwite Cassio umuulize. Kumbe Othello ameshaagiza Cassio auawe. Desdemona anaomba basi auawe kesho. Anaomba nusu saa. Hapewi. Mwanamume aliyekuwa na subira ya kupanga vita vya Kipro na Waturuki hakuwa na nusu saa ya mkewe. Huo ni wivu wa mapenzi? Ni mwanamume kumwamini mwanamume mwenzake, basi.

Najua mtaniambia kuhusu rangi. Haya, ni kweli, nakubali shingo upande: Othello ni mtu mweusi anayeitwa kila jina chafu kuanzia onyesho la kwanza, na Iago anamsaga kwa hilohilo. Ni kweli pia kwamba Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka Marekani, alipolipanda jukwaa la Covent Garden mwaka 1833, magazeti ya London yalimtukana, na kwamba John Kani, mwigizaji mweusi wa Afrika Kusini, kuucheza Johannesburg mwaka 1987, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, kulihitaji moyo. Hugh Quarshie, mwigizaji mzaliwa wa Ghana, aliwahi kusema huenda hii ndiyo nafasi ambayo mwigizaji mweusi hafai kuicheza. Mwaka 2015 akaicheza, na Iago wake alikuwa Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Wote wawili weusi. Ghafla lile jibu jepesi la ngozi likayumba, ukabaki unamtazama hasidi na aliyemsikiliza. Wahakiki wamekesha karne nzima wakitafuta kwa nini Iago alifanya vile. Nyanya alikuwa nalo kwenye leso: hasidi hana sababu.

Ila mtu wangu ni Emilia, mke wa Iago, aliyeiokota leso na kumpa mumewe. Ana maneno pale ya kuwakumbusha waume kwamba wake nao wana macho, pua na ulimi. Toleo la mchezo lililochapwa mwaka 1622 halina maneno hayo, la 1623 linayo. Mwishoni anaitambua hila ya mumewe, anaanza kusema. Mumewe anamwamuru arudi nyumbani. Anajibu kwamba ni haki amtii, lakini si sasa. Anasema yote. Iago anamchoma upanga mbele ya watu.

Kwa hiyo usiku ule mmoja wanaume wawili wameua wake zao, na wa pili hakuwa na leso wala mpenzi wa kusingizia. Mzee alishuka Makupa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza: na huyu wa pili, redio imwiteje?