Mfagiaji wa msimbo

Mwongozo wa watengenezaji wa kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo huo wa kompyuta, hauwafichi wageni jambo. Viraka (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa mradi) vinavyonyoosha mtindo wa uandishi tu, yaani nafasi iliyobaki mwishoni mwa mstari, mabano yaliyokaa vibaya, mpangilio usiopendeza, jumuiya huviona ni kelele, na anayevituma asishangae akipokewa shingo upande. Lakini mradi huohuo una skripti yake, checkpatch.pl, inayoyataja makosa hayohayo mstari kwa mstari. Una pia saraka iitwayo drivers/staging, ambako draiva (programu za kuendesha vifaa) ambazo bado hazijaiva huwekwa, na ambako mgeni huambiwa aanzie hapo kujifunza. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mfagiaji anakaribishwa sebuleni na kufukuzwa jikoni.

Hoja ya watunzaji wa programu huria haihitaji maneno mengi. Kiraka cha herufi moja huandikwa kwa dakika moja, lakini lazima asomaye awe mtu mwenye dhamana, na mtu huyo mara nyingi anajitolea usiku baada ya kazi nyingine. Kisha kuna historia. Amri ya git blame, ya chombo cha Git kinachotunza historia ya msimbo, inayokuonyesha nani aliuandika mstari na kwa sababu gani, huanza kumtaja aliyefagia badala ya aliyejenga. Tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 unaweza kuiagiza iyaruke mabadiliko ya namna hiyo, ila ni sharti mtu akae ayaorodheshe. Na marekebisho ya usalama yanaporudishwa kwenye matoleo ya zamani, hugongana na mistari ambayo mtu aliisogeza kwa ajili ya urembo.

Tena urembo wenyewe haudumu. Kwa miaka checkpatch ilionya mstari ukipita herufi 80. Mei 2020 kikomo kikapandishwa hadi 100. Waliokuwa wamejikusanyia viraka kwa kukata mistari ya herufi 85 walibaki na kazi isiyodaiwa na mtu.

Miezi michache baadaye, Oktoba ya mwaka huohuo, Hacktoberfest, tamasha la mtandaoni la kuchangia programu huria linaloandaliwa na kampuni ya DigitalOcean, iliahidi fulana kwa atakayetuma maombi manne ya mabadiliko. Miradi ikafurikwa na watu walioongeza neno moja la sifa kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadili kanuni: mradi ambao haujatangaza wenyewe kwamba unashiriki usihesabiwe. Tangu siku zile, ukitaja "kiraka kidogo" mbele ya watunzaji wengi, kinachowajia kichwani ni fulana.

Hapo ndipo nadhani tumemwonea mfagiaji. Angalia mistari hii mitatu, iliyokuwa ndani ya msimbo wa kulinda miunganisho ya mtandao ambao Apple waliuchapisha hadharani:

    if ((err = SSLHashSHA1.update(&hashCtx, &signedParams)) != 0)
        goto fail;
        goto fail;

Bila mabano, if hushika kauli moja tu inayoifuata. Ile goto ya pili, yaani amri ya kuruka, haimo ndani ya sharti lolote, ingawa imesogezwa kulia kana kwamba imo. Hutekelezwa kila mara. Ukaguzi wa sahihi ya seva, uliokuwa unafuata chini yake, haufikiwi kamwe, na kwa kuwa hadi hapo hakuna kosa lililokwisha kuonekana, err imebeba sifuri, maana yake mambo ni shwari. Msimbo unarukia mahali paitwapo fail na kurudisha jibu la kufaulu. Aliyekaa kwenye Wi-Fi moja nawe hotelini angeweza kujifanya benki yako, na simu ikamwamini. Apple walitoa marekebisho ya iPhone tarehe 21 Februari 2014.

Sasa tuseme kabla ya hapo kuna mwanafunzi fulani asiyejua lolote kuhusu usimbaji fiche, ila ameambiwa kila if iwe na mabano. Anafika hapa. Afungie wapi? Baada ya goto ya kwanza, au baada ya ya pili? Hawezi kuyaweka mabano bila kuuliza mwandishi alikusudia nini, na swali hilo peke yake lingetosha. Ninairudia mistari hii mara kwa mara kwa sababu ndiyo inayonionyesha kufagia ni kazi gani hasa: ni kusoma polepole kuliko alivyosoma mwandishi. (GCC 6 ya mwaka 2016, programu inayotafsiri msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, ilikuja na onyo la mpangilio unaodanganya, kwa makosa ya sura hiihii. Hadi leo kuna wanaoyaona maonyo hayo ni usumbufu.)

Linux wenyewe walilifanya jambo hilo kwa wingi. Katika lugha ya C, kesi ndani ya switch, kauli ya kuchagua njia moja kati ya nyingi, ikikosa break, amri ya kutoka humo, utekelezaji hutiririka hadi kesi inayofuata. Wakati mwingine ndivyo ilivyokusudiwa. Wakati mwingine mtu alisahau. Kwa miaka kadhaa viraka vidogo vilipita faili baada ya faili, kila kimoja kikiweka alama kwamba hapa ni kwa makusudi, hadi onyo lenyewe likawashwa kwa kiini kizima katika toleo 5.3 la mwaka 2019. Ukikitazama kimoja kimoja utasema ni upuuzi, mstari mmoja wa maelezo. Lakini njiani zilifukuliwa break zilizosahauliwa kweli, kwenye msimbo ambao watu walikuwa wakiutumia.

Kuna kisa kimoja kinachowapa watunzaji nguvu, nacho ni kizito. Septemba 2006, katika Debian, mfumo mmojawapo wa familia ya Linux, mistari miwili ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliondolewa ili kunyamazisha maonyo ya chombo cha kukagua kumbukumbu. Mmoja haukuwa na kazi kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye utengenezaji wa funguo. Hadi kosa hilo lilipotangazwa Mei 2008, kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo ni namba ya mchakato: funguo 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuimaliza yote. Usafi ulifanya hivyo. Lakini kinachosahaulika ni kwamba aliyeondoa alikuwa ameuliza kwanza kwa waandishi wa OpenSSL, akajibiwa kwa ufupi kwamba ikiwa inasaidia kutafuta hitilafu, aondoe. Swali lilikuwa sahihi. Lilijibiwa kama swali dogo.

Na udogo ndio aliojifichia yule aliyejiita Jia Tan, aliyekuja kupandikiza mlango wa siri katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili. Mwishoni mwa 2021 aliingia kwa kiraka cha faili la mipangilio ya kihariri, kitu ambacho hakuna anayekigombania. Februari 2024 alipitisha badiliko lililojiita marekebisho, na ndani yake mlikuwa na nukta moja peke yake kwenye mstari wake. Nukta hiyo ilivunja jaribio la kutambua Landlock, ulinzi wa Linux unaoizuia programu isiguse isivyohitaji, hivyo kwa waliojenga xz kwa chombo cha CMake ulinzi haukuwashwa, na wakati huo hakuna aliyeona.

Nafasi za mwishoni mwa mistari waachiwe gofmt na clang-format, vyombo vinavyopanga msimbo vyenyewe. Hapo sina ugomvi na watunzaji. Mgeni apewe kazi zenye maswali ambayo chombo hakiwezi kuyajibu. Kwa mfano strlcpy, amri ya kunakili matini, iliyong'olewa kabisa kwenye Linux 6.8 mwaka 2024 baada ya miaka ya kubadilishwa mwito mmoja mmoja kuwa strscpy. Ile ya zamani hurudisha urefu wa matini ya asili. Mpya hurudisha idadi ya herufi zilizonakiliwa, au kosa ikiwa matini imekatwa. Kabla ya kubadili jina hilo moja, mtu analazimika kwenda kutazama jibu lake linatumiwa wapi.