Pointi 180 kwa 180: Elliott hakunyang'anywa ubingwa Atlanta

Kila mara mashabiki wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, wanapoanza kubishana kuhusu mbio za Hooters 500, zilizofanyika Atlanta tarehe 15 Novemba 1992, kuna mmoja atakayesema: "Bill Elliott alishinda mbio, Alan Kulwicki akaja wa pili, halafu ubingwa akapewa wa pili." Kwa mtu aliyezoea mashindano ambayo anayefika kwanza ndiye bingwa, hoja hiyo ina nguvu. Mimi naiona ni hoja ya mtu aliyetazama mwisho wa filamu peke yake. Elliott hakunyang'anywa kitu Atlanta, na Kulwicki hakubahatika. Tukikaa na karatasi na kalamu, hesabu inasema hivyo yenyewe.

Tuanze na pointi, kwa sababu bila pointi mjadala huu ni kelele tu. Bingwa alikuwa dereva mwenye pointi nyingi zaidi za msimu mzima. Mfumo wa wakati ule ulibuniwa na Bob Latford na ukaanza kutumika 1975. Mshindi alipata 175, wa pili 170, na kila nafasi ilipungua kwa 5 hadi ya sita. Kutoka hapo ilipungua kwa 4 hadi ya kumi na moja, kisha kwa 3 hadi mkiani. Dereva yeyote aliyeongoza hata mzunguko mmoja aliongezewa 5, na aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote akaongezewa 5 nyingine.

Sasa weka majina. Elliott alishinda: 175, na 5 za kuongoza, jumla 180. Kulwicki alikuwa wa pili: 170, na 5 za kuongoza, na 5 za kuongoza mizunguko mingi zaidi, jumla 180. Mizunguko 103 kwa Kulwicki, 102 kwa Elliott. Siku ile, kwa pointi, walitoka sare. Asubuhi Kulwicki alimtangulia Elliott kwa 10, na jioni alimtangulia kwa 10 zilezile: 4078 kwa 4068. Atlanta haikubadilisha chochote kati ya watu hawa wawili.

Hapo ndipo mwingine atainua mkono: "Basi ni mzunguko mmoja!" Ni kweli. Mzunguko mmoja tu ungetoka kwa Kulwicki kwenda kwa Elliott, Elliott angekuwa na 103 dhidi ya 102, zile pointi 5 zingehamia kwake, na wote wawili wangemaliza msimu na 4073. Sare ya pointi ilikatwa kwa idadi ya ushindi, na Elliott alikuwa na ushindi mara 5 dhidi ya 2 za Kulwicki. Angekuwa bingwa. Ila mzunguko ule haukupotea kwa ajali wala kwa uamuzi wa waamuzi. Ulikaa kwa Kulwicki kwa sababu upande wake walikuwa wakiuhesabu.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mbio zilikuwa na mizunguko 328 kwenye uwanja wa maili 1.522, kama kilomita 2.45 kwa mzunguko. Kulwicki alikuwa mbele, Elliott nyuma yake, na wote walihitaji kuingia piti, pale gari linapojazwa mafuta na kubadilishwa matairi, kwa mara ya mwisho. Paul Andrews, mkuu wa mafundi wa Kulwicki, na wenzake walijua kwamba dereva wao akimaliza mzunguko wa 310 akiwa bado anaongoza, Elliott hataweza kumzidi kwa idadi ya mizunguko, hata aongoze yote iliyobaki. Kwa hiyo Kulwicki alibaki nje mpaka 310, kisha akaingia. Elliott naye akaingia mizunguko michache baadaye, akatoka mbele, na hakukamatwa tena.

Kwa nini pointi 5 ziwe na uzito kiasi hicho? Hapa wengi hupita haraka, ilhali ndipo penye jibu. Chukulia Elliott anashinda mbio. Kulwicki akikosa pointi za mizunguko mingi na Elliott akazipata, Elliott anafika 4073. Kulwicki akimaliza wa pili naye anafika 4073, na sare inampa Elliott. Yaani bila zile 5, Kulwicki analazimika kumpita Elliott barabarani na kushinda mbio. Akizipata, Elliott anaishia 4068, na Kulwicki hata akiwa wa tatu anafika 4073 na ubingwa ni wake. Nafasi ya nne ndiyo ingemleta kwenye 4068, sare inayompa Elliott. Basi tangu mzunguko wa 310 gari namba 7 halikuwa na sababu ya kulifukuza gari namba 11. Lilikuwa na kazi moja: lifike. Anayesema Kulwicki "alishindwa" kumfikia Elliott mwishoni hajauelewa mchezo uliokuwa ukichezwa.

Na kufika kwenyewe hakukuwa rahisi. Gia ya kwanza ya Kulwicki ilivunjika mapema siku ile, aliposimama piti. Kwenye uwanja wa duara kama Atlanta dereva wa wakati ule alikaa gia ya nne muda wote, hivyo gia ya kwanza haikuwa na kazi gari likiwa kwenye mwendo. Kazi yake ilikuwa kuliondoa gari piti. Ukiikosa, unaondoka kwa gia ndefu: injini inataka kuzima, klachi inaungua, na unapoteza sekunde ambazo wapinzani hawapotezi. Mafundi husaidia kwa kulisukuma gari. Hatari kubwa zaidi haionekani: kipande cha jino lililovunjika kikibaki ndani ya giaboksi kinaweza kunaswa kati ya gia nyingine, na hapo safari imekwisha. Kulwicki alizunguka karibu siku nzima na hatari hiyo chini ya miguu yake.

Ndiyo maana kituo cha mwisho kilikuwa cha mafuta tu, bila matairi, na cha haraka. Hesabu yake inaeleweka. Mizunguko 18 iliyobaki ni kama maili 27. Gari la aina hii, V8 ya inchi za ujazo 358 yenye kabureta, kwa makadirio ya kawaida hula galoni moja kila maili 4 hadi 5. Hiyo ni galoni 5.5 hadi 7, yaani lita 21 hadi 26. Dumu la kujazia mafuta lilibeba galoni 11 hivi, kwa hiyo alihitaji zaidi kidogo ya nusu dumu, ukitoa yaliyobaki kwenye tangi. Ukijaza zaidi, unasimama muda mrefu na unabeba uzito. Ukijaza pungufu, gari linazima likiwa limebakiza mzunguko mmoja, na nafasi ya pili inageuka ya kumi. Walichagua kujaza kidogo, na Kulwicki akatumia mizunguko ya mwisho kubana mafuta huku Elliott akienda zake. Alimaliza kama sekunde 8 nyuma. Dereva asiyeijua hesabu angeziona sekunde hizo akakanyaga mafuta.

Kulwicki aliijua. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, alimiliki timu yake mwenyewe, na alikuwa amekwisha kataa kwenda kuendesha kwa Junior Johnson, mmiliki wa timu, bosi yuleyule ambaye Elliott alimwendeshea mwaka ule. Ford yake iliitwa Thunderbird, lakini siku ile aliondoa herufi mbili za mwanzo kwenye bampa ya mbele ili isomeke "Underbird", ndege mnyonge. Aliomba ruhusa kwanza.

Turudi nyuma sasa, maana ubingwa wa Elliott haukupotelea Atlanta. Ulipotea njiani. Baada ya mbio za Dover mwezi Septemba, zikiwa zimebaki mbio sita, Elliott alikuwa mbele ya Kulwicki kwa pointi 278. Kumbuka kwamba mbio moja ilimpa dereva pointi 185 kwa wingi wake wote. Katika mbio tano zilizofuata, Martinsville, North Wilkesboro, Charlotte, Rockingham na Phoenix, Elliott alimaliza wa 30, wa 26, wa 30, wa 4 na wa 31. Kulwicki alimaliza wa 5, wa 12, wa 2, wa 12 na wa 4. Jumlisha kwa nafasi tu, bila nyongeza: Elliott 461, Kulwicki 739. Tofauti ni 278 kamili. Nafasi zilifuta deni lote lakini hazikumpa Kulwicki hata pointi moja ya kumtangulia Elliott. Zile 10 alizofika nazo Atlanta zilitokana na pointi za nyongeza za kuongoza mizunguko. Ukiniuliza, jambo hili linaumaliza ubishi wa "mzunguko mmoja". Timu iliyokuwa ikiokota vitano vitano njiani ndiyo iliyojua thamani ya kitano kimoja siku ya mwisho.

Timu ya Elliott ilikuwa na gari la kasi, hakuna anayepinga. Mwanzoni mwa msimu alishinda mbio nne mfululizo: Rockingham, Richmond, Atlanta na Darlington. Lakini injini iliyokufa Martinsville na gari lililochemka Phoenix si makosa ya Kulwicki. Angemaliza wa 28 badala ya wa 31 pale Phoenix, angepata pointi 9 zaidi. Angemaliza wa 27, angepata 12, na ubingwa ungekuwa wake bila kuhitaji mzunguko wa mtu. Nafasi nne tu, huko mkiani, siku ambayo hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Mwenye haki ya kusikitika kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Davey Allison. Aliingia Atlanta akiongoza kwa 30 dhidi ya Kulwicki na 40 dhidi ya Elliott. Nafasi ya tano ilimhakikishia taji, wengine wafanye watakavyo. Zikiwa zimebaki mizunguko 75 hivi, Ernie Irvan alipoteza gari mbele yake kwenye sehemu iliyonyooka, na Allison hakuwa na pa kupita. Alimaliza wa 27. Alikuwa ameshaongoza mbio kabla ya hapo, hivyo alikuwa na 5 mfukoni. Kwa matokeo yalivyokuja kuwa, hata nafasi ya saba ingempa 4079, moja zaidi ya Kulwicki. Mwaka huohuo alishinda Daytona 500, akapinduka vibaya Pocono mwezi Julai, na mwezi Agosti akafiwa na mdogo wake Clifford, aliyepata ajali mazoezini Michigan. Wapo wanaosema Allison alisaidiwa kwa sababu Bobby Hillin Jr. alimpokea gari Talladega na kumaliza wa tatu. Kanuni ilikuwa wazi: pointi ni za aliyeanza mbio, na Allison alianza akiwa na mkono uliovunjika. Sioni msaada hapo. Naona dereva aliyefuata kanuni kwa maumivu.

Marudiano hayakuwepo. Kulwicki alikufa kwa ajali ya ndege Tennessee tarehe 1 Aprili 1993, na Allison akafa tarehe 13 Julai mwaka huohuo, siku moja baada ya helikopta yake kuanguka Talladega. Labda ndiyo sababu mjadala huu hauzeeki. Mbio zile zilikuwa pia za mwisho kwa Richard Petty na za kwanza kwa Jeff Gordon katika ngazi ile, na mengi yameandikwa kuhusu hilo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Kwa mfumo ulioanza 2014, ambapo wanne waliingia mbio za mwisho wakiwa sawa na aliyetangulia wenzake ndiye aliyekuwa bingwa, Elliott angetawazwa, mradi awe mmoja wa wanne hao. Ni kweli kabisa. Lakini kwa mfumo huo Kulwicki asingeingia piti mzunguko wa 310 kwa hesabu ile, wala asingebana mafuta akiridhika na nafasi ya pili. Huwezi kuchukua matokeo ya mchezo mmoja ukayapima kwa kanuni za mchezo mwingine, kwa sababu wachezaji walicheza kwa kanuni walizokuwa nazo.

Ukipata video ya mbio zile, usianzie bendera ya mwisho. Anzia mzunguko wa 300 na uwe na kalamu. Hesabu nani anavuka mstari kwanza kila mzunguko hadi 310, kisha angalia gari namba 7 linavyotoka piti pole pole, bila gia ya kwanza.