Furaha ya Mwaka wa Kwanza na ya Mwaka wa Tano

Watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huzungumziwa kwa namna mbili zinazogongana. Wako wanaosema: mtue mtu mzigo wa mwili wake, na huzuni itashuka pamoja nao. Na wako wanaosema kisu hupunguza tumbo tu, na kwamba aliyeingia chumba cha upasuaji na majonzi yake atatoka nayo, ila atakuwa mwembamba. Kila upande una mashahidi, na mashahidi wote wanasema kweli. Tofauti ni kwamba wa kwanza mara nyingi wameulizwa katika mwaka wa kwanza, na wa pili wameulizwa mwaka wa tatu au wa tano.

Nianze na wale wa kwanza, maana hoja yao hudharauliwa upesi, kana kwamba upasuaji huu ni njia ya mkato ya wavivu. Katika aina inayofanywa zaidi siku hizi, daktari huondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha kama mfereji mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Kwa hiyo njaa yenyewe hunyamaza, angalau kwa muda. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hana nidhamu hugundua kumbe alikuwa akishindana na kemia ya mwili wake. Ugunduzi huo peke yake humwondolea aibu nyingi, na aibu inaweza kumla mtu kuliko kilo zenyewe.

Kisha huja mambo ambayo mtu asiyewahi kuwa na mwili mkubwa hawezi kuyaona kuwa habari. Kuinama na kufunga kamba za viatu bila kubana pumzi. Kupanda ngazi huku maongezi yakiendelea. Kuingia kwenye chumba chenye watu na kukaa kwenye kiti cha kwanza kilicho karibu, badala ya kusimama mlangoni ukivipima viti kwa macho: hiki kina mikono, kile miguu yake myembamba, kile cha pembeni labda kitanibeba. Kuamka asubuhi ukiwa umelala kweli, kwa kuwa ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini umepungua. Hesabu za viti na ngazi hula akili kutwa nzima, na zikikoma mtu hujikuta ana nafasi ya kufikiria mambo mengine.

Ushahidi wa kitabibu unawaunga mkono hao wa kwanza pia, kwa kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2016 yalikadiria kwamba karibu asilimia 19 ya wanaotafuta au kufanyiwa upasuaji huu wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba baada ya upasuaji sonona hiyo kwa ujumla hupungua. Utafiti unaonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni ule wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliowafuata kwa miaka mingi waliopasuliwa pamoja na wenzao wanene waliotibiwa bila upasuaji. Ubora wa maisha wa waliopasuliwa ulipanda sana mwaka wa kwanza, ukashuka taratibu hadi kufikia mwaka wa sita hivi, kisha ukatulia. Miaka 10 baadaye bado walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao katika jinsi walivyoiona afya yao, katika kuchangamana na watu, hata katika sonona. Lakini katika hali ya jumla ya moyo, na katika wasiwasi, makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Kilichodumu ni kile kinachohusu kuishi: kutoka nyumbani, kukaa na watu, kufanya jambo lililokuwa haliwezekani. Kisichodumu ni ile hali ya kuamka tu ukiwa na furaha. Naona hapo ndipo pande zote mbili zinapokosea. Wa kwanza huahidi moyo mpya. Wa pili, kwa kuwa moyo mpya haukuja, husema hakuna kilichopatikana.

Na wa pili hawasemi ovyo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 8,815, miaka mitatu kabla ya upasuaji na miaka mitatu baada yake. Matukio ya kujidhuru yaliyofikishwa vitengo vya dharura yaliongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji, mengi yakitokea mwaka wa pili na wa tatu. Waliohusika walikuwa wachache, watu 111, na karibu wote walikuwa na historia ya maradhi ya akili. Hata hivyo hilo si jambo la kufunikwa. Pombe nayo ina habari yake. Baada ya upasuaji wa kuunganisha kijifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, kilevi huingia kwenye damu kwa kasi zaidi, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya ulevi yalipanda kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hayakuwa yamepanda. Kila ukigusa takwimu hizi, unarudishwa kwenye mwaka wa pili.

Kwa nini mwaka wa pili? Kwanza, mizani huacha kutoa zawadi. Katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, uzito hushuka karibu kila mtu akipima, na kila kushuka ni ushindi mdogo. Baadaye hutulia, na kwa wengi hupanda kilo kadhaa. Madaktari huliona hilo kuwa la kawaida. Aliyeliweka tumaini lake lote kwenye namba huliona kama kuanguka.

Pili, na hili halisemwi vya kutosha, mtu hupoteza mliwazi wake. Mfikirie aliye kwenye karamu akiwa na sahani ndogo. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Anatafuna hadi chakula kinakuwa uji mdomoni, maana akimeza kipande kizima kitakaa chini ya kidari na kumuuma mpaka akitapike. Anaweka kijiko chini. Jirani yake anamwambia, "Aa, kula bwana, hujala kitu!" Anatabasamu. Ameshiba, lakini hakuridhika, na sasa anaijua tofauti ya mambo hayo mawili. Zamani siku mbaya kazini iliishia kwenye sahani. Leo siku mbaya iko palepale na sahani imefungwa. Wengine hulia kwa sababu hiyo na kuona haya kulia, kwa kuwa nani hukililia chakula? Mimi naona ni msiba halali. Kama chakula kilikuwa kikimtuliza kwa miaka 20, lazima apate kingine cha kumtuliza, na ni afadhali akichague mwenyewe kabla pombe haijajichagua.

Tatu ni watu. Pongezi zenyewe zina mwiba. "Siku hizi umependeza kweli!" humfurahisha mtu hadi atakapojiuliza alikuwaje jana machoni pao. Na ndoa hutikisika: utafiti wa Sweden wa mwaka 2018 uliona kwamba waliopasuliwa na walio kwenye uhusiano waliachana zaidi ya wenzao, na wasio na mwenza walipata mwenza au kuoa na kuolewa zaidi. Ukiwa mpinzani wa upasuaji utainukuu nusu ya kwanza, ukiwa mtetezi utainukuu ya pili. Mimi nazisoma kama habari moja. Mtu aliyepata nguvu ya kutoka nje huwa pia amepata nguvu ya kuondoka. Kama alichoondokea kilikuwa kizuri au kibaya, takwimu hazijui.

Hapa ningependa kuwakinga wagonjwa dhidi ya ushauri wa aina yangu pia. Ni rahisi kumwambia mtu "tafuta furaha katika mambo madogo," na ushauri huo ukageuka kazi nyingine ya kufeli, juu ya vitamini, protini na maji ya kunywa kidogo kidogo. Mwenye sonona ya kweli anahitaji matibabu. Matembezi ya jioni pekee hayamtoshi. Kuna pia jambo la kimwili ambalo hata ndugu wa karibu hulikosea: upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12 ni wa kawaida baada ya upasuaji huu, na uchovu wake hufanana sana na kukata tamaa. Dawa za sonona nazo zinaweza kufyonzwa tofauti baada ya njia ya chakula kubadilishwa, hivyo dozi iliyotosha zamani huenda isitoshe sasa. Kabla ya kumwambia mtu ajikaze, apimwe damu na dawa zake ziangaliwe upya.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye mpangilio wa huduma. Katika programu nyingi, mwanasaikolojia huwekwa mlangoni. Mgonjwa humwona kabla ya upasuaji, na anajua kwamba mazungumzo hayo yanaweza kumfanya aahirishwe. Kwa hiyo anavaa uso mzuri. Ambaye hula usiku kwa kujificha anasema usiku hali kitu. Anayekunywa anasema hanywi. Anapita, anapasuliwa, na baada ya hapo wengi hawamwoni tena mtaalamu huyo, ilhali takwimu nilizozitaja za kujidhuru na za pombe zinaonyesha hatari ikikaa mbele, kwenye mwaka wa pili na wa tatu, wakati hana tena kibali cha kusubiri kinachomfanya afiche lolote. Ningekuwa na uwezo ningegawa muda huo upya: kikao kimoja kabla, na vingine kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 36.

Kikao cha mwezi wa tatu hakinisumbui, maana mtu huenda mwenyewe, akiwa na nguo mpya na kilo za kuonyesha. Cha mwezi wa 18 au wa 24 ndicho watu wanachokikwepa zaidi, na mara nyingi sababu ni ndogo tu: kilo nne zimerudi, na hataki kupanda kwenye ile mizani mbele ya daktari. Kliniki inaweza kuanza kwa kutompima siku hiyo, ikamuuliza analalaje, anakula na nani, na wiki iliyopita alikwenda wapi.