Ustahimilivu Nao Ufanyiwe Mtihani

Siku hizi kila kitu ni stahimilivu. Kilimo stahimilivu, miji stahimilivu, uchumi stahimilivu. Ingia warsha yoyote ya mazingira, Dodoma au Nairobi, utaliona bango kabla hujaletewa chai. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Ninachogombea ni kwamba wanaolihubiri hawatuambii ni jambo gani likitokea watakubali kuwa walikosea. Mji ukifurika, ukasimama, kisha watu wakarudi kazini, tunaambiwa umestahimili. Wasiporudi, tunaambiwa ustahimilivu ulikuwa bado haujajengwa vya kutosha. Dai la namna hiyo halishindwi kamwe, na kwa sababu hiyo halitufundishi kitu.

Mjadala si mpya. Mwaka 1973 mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, alionyesha kwamba hapa kuna mambo mawili tunayoyachanganya: mfumo unarudi upesi kiasi gani ulikokuwa baada ya kutikiswa, na unaweza kubeba mtikisiko mkubwa kiasi gani kabla haujageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 2001 mwanaikolojia wa Marekani, Stephen Carpenter, na wenzake wakauliza swali ambalo ningependa libandikwe mlangoni mwa kila ofisi ya miradi: ustahimilivu wa nini, dhidi ya nini? Ripoti nyingi bado zinalipita pembeni. Zinakusanya kipato cha kaya, idadi ya zahanati, kilomita za lami na asilimia ya wenye simu, zinavipa uzito, zinavijumlisha, kisha wilaya zinapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichopimwa hapo ni maendeleo. Mafuriko, ukame au kuanguka kwa bei ya pamba havimo humo hata kidogo.

Chukua Ziwa Victoria. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu hakuonekana kuleta shida kubwa. Ziwa wakati huo lilikuwa la furu, samaki wadogo wa spishi zinazokadiriwa kuzidi 500, na sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa ilikuwa yao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 furu walikuwa karibu wameisha kwenye nyavu za kukokota. Sangara amewala, na yeye mwenyewe amejaa ziwa zima. Je, ziwa lilistahimili?

Mwenye kiwanda cha minofu Mwanza au Kisumu atakwambia lilifanya zaidi ya kustahimili: samaki waliovuliwa waliongezeka, ndege zikapakia minofu kwenda Ulaya. Mama aliyekuwa akianika furu mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, ana habari nyingine, maana minofu ilipanda ndege na yeye akabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mtaalamu wa spishi naye atasema ziwa lilivunjika. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika kipimo chake. Ndiyo maana sharti la kwanza kwangu ni kutaja kazi ya mfumo unayoipima, na kuitaja kabla ya kufungua takwimu. Ukiichagua baadaye, utaichagua ile iliyonusurika.

Ila ziwa hilohilo lina kisa cha pili, na kwangu ndicho kinachonoga zaidi. Miaka ya 1990 sangara alivuliwa kwa wingi mno, na baadhi ya spishi za furu zikaanza kurudi. Walirudi kwenye maji ambayo si yale ya zamani: rutuba kutoka mashambani na maji machafu ya mijini vilikuwa vimeyafanya mazito, yenye giza na oksijeni haba. Anayehesabu samaki tu angefunga daftari na kuandika kwamba wamepona. Lakini Frans Witte na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia furu wa Ghuba ya Mwanza tangu kabla ya anguko, walikuwa na samaki wa zamani wa kulinganisha nao. Walipompima furu mmoja aliyerudi, Haplochromis pyrrhocephalus, walikuta eneo la matamvua, viungo ambavyo samaki hupumulia, limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa kilikuwa kifupi zaidi, jicho dogo zaidi, ili nafasi ipatikane. Yote hayo ndani ya miongo miwili.

Kwa hiyo idadi ilirudi, mwili ukabadilika. Idadi ni habari ya ustahimilivu. Mwili ni habari ya kujirekebisha. Ni maswali mawili, na jibu la moja halikupi jibu la lingine. Hata hapo kazi haijaisha, kwa sababu matamvua makubwa yanaweza kuwa ya kurithi, au yanaweza kuwa matokeo ya kifaranga kukulia kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha. Hilo nalo lina jaribio lake la wazi: lea vifaranga wa ukoo mmoja kwenye matangi mawili, moja lenye oksijeni tele na moja lenye oksijeni haba, halafu pima. Wakitofautiana, ni malezi. Wakifanana, na wote wakiwapita wale wa zamani, ni ukoo. Hii ndiyo tabia ninayoitafuta kwenye mifumo yetu yote ya kulinganisha: iwe na mahali ambapo jibu linaweza kwenda upande usioupenda.

Ushelisheli walifanya hivyo kwa matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kwenye visiwa vya ndani. Nicholas Graham na wenzake walifuatilia miamba 21 kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wakatoa matokeo: miamba 12 ilirudi kuwa ya matumbawe, 9 ikageuka kuwa ya mwani. Vitu viwili tu, yaani jinsi mwamba ulivyokuwa na mapango na migongo mingi kabla ya joto, pamoja na kina cha maji, vilitosha kuipanga karibu yote upande wake sahihi. Kisha likaja lile lisilopendwa: mwamba kuwa ndani au nje ya eneo lililopigwa marufuku kuvua hakukubadili uelekeo wake. Mimi ni mtetezi wa hifadhi za bahari na sentensi hiyo ilinikera. Lakini hifadhi zina kazi nyingine nyingi zinazojulikana, na dai kwamba zinaokoa matumbawe dhidi ya joto liliwekwa mezani, likapimwa, na pale Ushelisheli halikusimama. Nina kasoro moja ya kuitaja. Kanuni ile ilitengenezwa kwa miamba ileile ambayo majibu yake yalikuwa yamekwisha kujulikana, na kutabiri mechi filimbi ya mwisho ikishapulizwa si kazi ngumu. Mtihani halisi ni kuipeleka Mafia, Pemba au Kiunga kabla ya joto lijalo, ikiwa imeandikwa na kufungwa kwenye bahasha.

Tatizo linakuwa zito unapotaka kulinganisha mwamba wa matumbawe na gridi ya umeme, au gridi na soko la mahindi. Wapo wanaosema haiwezekani, kila mfumo una mambo yake. Siwaamini, ingawa nawaelewa. Kuna angalau dalili moja ambayo imejaribiwa kwenye vitu visivyofanana kabisa: mfumo unaokaribia ukingo wa kugeuka huchelewa kupona hata kwa misukosuko midogo. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliipima kwenye hamira, wakipunguza idadi yake hatua kwa hatua, na kuchelewa kukaonekana kabla ya anguko. Mwaka mmoja nyuma, Carpenter na wenzake walikuwa wametoa matokeo ya jaribio la ziwa zima: walipandikiza samaki anayekula samaki wenzake kwenye Peter Lake, Michigan, huku ziwa jirani likiachwa bila kuguswa ili kulinganisha. Dalili zilionekana kabla mpangilio wa nani anamla nani ziwani haujageuka. Hamira na ziwa havina undugu wowote, lakini kipimo ni cha aina moja.

Kipimo hicho kina mipaka yake, na afadhali isemwe mapema. Kinafaa pale mfumo unaposogea taratibu kuelekea ukingoni. Nguzo ikigongwa na lori, hakuna dalili ya kusubiri.

Halafu kuna suala la saa. Gridi hupona kwa saa, nyumbu kwa miaka, matumbawe kwa miongo. Kusema gridi ni stahimilivu kuliko mwamba kwa kuwa inarudi siku hiyohiyo ni upuuzi. Kila mfumo upimwe kwa mwendo wake wenyewe: nyumbu kwa misimu ya kuzaa, tumbawe kwa muda linaochukua kukua na kuzaliana. Mshtuko nao uandikwe kama sehemu ya kile mfumo ulichokuwa ukibeba wakati ule. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 235. Ukizimika ghafla saa tisa usiku, matumizi yakiwa chini, ni pigo kubwa kwa gridi kuliko ukizimika saa mbili usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu, ingawa megawati ni zilezile. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilipozama gizani karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo, mjadala ulijaa lawama za nani alianza kuzimika. Tanzania nayo ilipata giza lake tarehe 1 Aprili 2024, na maneno yakawa hayohayo. Ningefurahi zaidi kuona takwimu tatu kila baada ya tukio: asilimia ya mzigo iliyopotea mwanzoni, masafa ya umeme (mitetemo yake kwa sekunde) yalishuka kiasi gani chini ya hezi 50 zinazotakiwa, na saa ngapi zilipita hadi wateja tisa kati ya kumi wakarudishiwa umeme. Kwa matukio kumi ya nchi mbili tungeanza kulinganisha kitu.

Jambo jingine linalosahaulika ni nani aliyelipa gharama ya kupona. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 na walipita milioni moja katika miaka ya 1970. Ukiangalia grafu peke yake utawasifu kwa ustahimilivu wao. Ukweli ni kwamba ng'ombe wa vijiji vya jirani walikuwa wamechanjwa, ugonjwa wa sotoka ukakatika, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Nguvu ya kuzaa ilikuwa ya nyumbu wenyewe; mzigo uliondolewa na watu wenye sindano. Mfumo wa kulinganisha usiotenganisha hayo mawili utampa nyumbu alama za daktari wa mifugo, na utaipa wilaya alama za chakula cha msaada.

Nikiulizwa nianzie wapi, ningeanzia Jangwani. Pale Dar es Salaam tuna kitu ambacho watafiti wengi wangekitamani: mshtuko uleule, mahali palepale, ukijirudia masika baada ya masika. Mto Msimbazi unajaa, barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatizwa njia, tope linabaki. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuboresha bonde lile, na daraja jipya la Jangwani limo ndani yake. Wahusika wana mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa za miaka mingi, na kumbukumbu za kufungwa kwa barabara zinaweza kukusanywa hata kutoka magazetini. Basi waandike leo: mvua ikinyesha kiasi hiki ndani ya saa 24, barabara itafungwa kwa saa zisizozidi kadhaa, na nyumba za Kigogo na Magomeni zitakazoingiwa maji hazitapita idadi fulani. Waweke na namba ambayo ikivukwa watasema mradi haukufanya kazi yake. Hilo la nyumba lisiachwe, kwa sababu daraja linaweza kuokoa barabara na maji yakahamia kwa watu, na hapo tutakuwa tumerudi kwa yule mwenye kiwanda na yule mama wa mwaloni. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa mwezi Februari, kabla ya masika, mahali ambapo hakuna atakayeweza kuibadilisha mwezi Juni.