Jumatatu Ndiyo Siku Yangu ya Kupumzika

Ndugu zangu, wako watu wanaoichukia Jumatatu. Mimi naisubiri kwa hamu. Jumatatu nakalia kiti chenye mgongo, stoo kwetu, nahesabu mabati. Hakuna anayenipulizia filimbi wala anayenidanganya kwamba kilele kipo hapo mbele tu. Wikiendi ndiyo inayoniua. Jumamosi mpira, Jumapili mlima, na vyote viwili, eti, ni vya kupumzisha akili.

Tuanze na mpira. Timu yetu ya maveterani ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Beki wa kushoto hatuna. Ukichelewa faini, usipofika kikao faini, ukivaa soksi za rangi nyingine faini. Kuna mchango wa chokaa, mchango wa jezi, mchango wa kumpongeza mwenzetu aliyeozesha binti. Kazini angalau nalipwa.

Uwanja sasa. Hapa Mbeya kila penye tambarare pameshajengwa au pamepandwa viazi, kwa hiyo tuliobaki tunachezea ubavuni mwa kilima. Kipindi kimoja mnashambulia mnapanda, kingine mnashambulia mnateremka, na mpira ukitokea upande wa chini unakwenda zake mtoni. Kanuni yetu ni moja: aliyeugusa mwisho anaufuata. Ndiyo maana mtu akipewa pasi upande ule anakwepa mguu, anaacha mpira upite. Watazamaji wanapiga makofi, wanadhani ni ufundi.

Halafu baridi. Mwezi wa saba kipa wetu anadaka na koti, kofia ya sufu na glavu za bodaboda. Juzi tumefungwa goli mikono yake ikiwa kwapani. Nikamuuliza, "Kaka, vipi?" Akanijibu kwamba alikuwa anaipasha moto.

Silaha yetu ni hewa. Mjini kwetu ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Kyela, kule kando ya Ziwa Nyasa, haifiki hata mita 600. Wakipanda kuja kwetu, kipindi cha kwanza hakijafika nusu wameshashika magoti wanahema. Sasa sisi tukiteremka kwao! Joto linatukaanga, na hapo wameshatukaribisha wali kabla ya mechi. Wali wa Kyela, ndugu yangu, ule unaonukia ungali jikoni. Utakataaje ugeni? Unakula sahani, wanaongeza, unakula. Unaingia uwanjani winga, filimbi haijapulizwa mara ya pili umeshakuwa mtazamaji. Nimeisoma katiba yetu yote, hakuna kifungu kinachotulinda na wali.

Tuna na mkongwe mmoja ambaye hatolewi uwanjani kwa sababu mpira ni wake. Huyu anadai alikuwa karibu kabisa kusajiliwa Tukuyu Stars mwaka ule walipobeba ubingwa wa ligi, 1986. Ukipiga hesabu ya umri wake, 1986 alikuwa darasa la tatu. Hatumwambii. Akikasirika anaweka mpira kwapani, mechi imeisha.

Na mechi ikiisha ndipo kazi inapoanza, maana lazima tufanye tathmini, na tathmini haifanyiki bila kitimoto na ndizi za kuchoma. Dakika sabini za kukimbia, saa nne za kutathmini. Kitambi kilichokwenda mazoezini kinarudi kimenenepa.

Sasa mlima. Bosi wetu alikwenda semina, akarudi na neno afya. Kesho yake tukajikuta kwenye kundi la WhatsApp la kupanda milima. Mimi, mtoto wa Rungwe! Nimezaliwa ubavuni mwa mlima unaokaribia mita 3,000. Utotoni tuliupanda kufuata kuni, na mama akisema leo hamwendi, hiyo ndiyo ilikuwa starehe. Leo natoa nauli, kiingilio na pesa ya kiongozi wa njia ili nikafanye kile nilichokuwa nakimbilia uvunguni kukikwepa.

Mara ya mwisho tulikwenda Ziwa Ngozi. Mnashukia Isongole kwenye barabara ya Tukuyu, mnaacha lami, mnakatiza mashamba ya viazi hadi msituni. Pale penye mianzi pana utelezi wa kumkumbusha mtu dhambi zake, na kipande cha mwisho kimesimama wima. Njiani tukakutana na babu mmoja, panga mkononi. Akatutazama, fimbo zetu, mabegi yetu, bosi na miwani yake ya jua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Ng'ombe wamepotea?"

"Hapana babu, tunatembea tu."

"Mnatembea tu." Akanyamaza kidogo. "Lakini nyumbani mmekula?"

Tukafika juu. Ziwa lile limekaa ndani ya kasoko ya volkano, na watu husema ukilitazama kutoka ukingoni lina umbo la ramani ya Afrika. Siku hiyo Afrika nzima ilikuwa ndani ya ukungu. Kiongozi wa njia ananyoosha kidole, "Kaskazini ile pale," na sisi tunaitikia. Bosi akapiga picha ya ukungu, akairusha kwenye kundi, na kila anayetaka kupandishwa cheo akaandika kwamba mandhari ni ya ajabu.

Sasa bosi na mwenyekiti wa maveterani wamekutana msibani, wakaelewana. Linaandaliwa bonanza la pamoja huko Kitulo, kwenye ile hifadhi wanayoiita Bustani ya Mungu. Asubuhi mechi, mchana kutembea, juu ya mita 2,600, ambako hata sisi wenye hewa yetu tutashika magoti. Na kwa kuwa maua yale huchanua wakati wa masika, tutakwenda wakati wa masika. Kyela wameshaalikwa. Sijui nani atambeba nani.

Nikaona mwokozi wangu ni mke wangu, atanikatalia. Nikamweleza yote, matope, mvua, baridi, nikakazia gharama.

"Baba watoto, umesema kuna maua?"

"Yapo."

"Basi na mimi nakwenda."

Mweka hazina ameshanitumia ujumbe. Mke naye ana mchango wake, na sare.