Deni la Mchina, riba ya Mmarekani

Oktoba 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alipotangaza kwamba mikopo ya SGR, reli yetu ya kisasa iliyojengwa kwa fedha za China, imetolewa kwenye dola na kuwekwa kwenye yuan, sarafu ya China, wengi walihukumu papo hapo: Kenya imehamia kwa Mchina. Hukumu ilikuwa tayari mdomoni. Aprili hiyo Rais Ruto alikuwa mgeni wa Beijing, na baadaye Seneta Jim Risch wa Marekani akataka uhusiano na Nairobi uangaliwe upya, ilhali 2024 tu Joe Biden alikuwa ametupa hadhi ya mshirika mkuu nje ya NATO.

Mimi nauona uamuzi huo kama hesabu ya mdaiwa. Mkopo wa 2014 wa reli ya Mombasa–Nairobi ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa na riba ya asilimia 2 isiyobadilika. Nyingine, ya kibiashara, ilifuata Libor ya dola, yaani riba ambayo benki kubwa zilikuwa zikikopeshana, ukiongeza asilimia 3.6. Wakati wa kutia sahihi Libor ilikuwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo haikumtisha mtu. Kisha 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba ili kuzima mfumuko wa bei kwao, na mwaka uliofuata ikapita asilimia 5. Hatukuongezewa behewa hata moja, lakini deni la Exim, benki ya serikali ya China iliyotukopesha, likanona. Mkopeshaji yuko Beijing, ila bei ya mkopo wake ilikuwa ikipangwa Washington! Sijui ni wangapi kati ya wanaolaani "deni la Mchina" wanalijua hilo.

Kwa hesabu ya Hazina, kuhamia yuan, nje ya riba hiyo ya dola, kunaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka, yaani karibu shilingi bilioni 28. Kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024, uliopikwa chini ya masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa: hata mkate ulilengwa kutozwa VAT ya asilimia 16. Mkate ukaondolewa kwa kelele, lakini Juni 25 vijana waliingia Bungeni na wengine wakarudishwa makwao wakiwa maiti. Baada ya hayo, waziri anayeziona bilioni 28 bila kugusa mkate ataziacha ili kumfurahisha seneta?

Wenye shaka hawasemi upuuzi, lakini. Chai na maua tunayouza nje hayatuletei yuan, na China inatuuzia mengi ikinunua kidogo. Tena kuna usiri. IMF huweka nyaraka zake mtandaoni. Mkataba wa SGR tuliuonja Novemba 2022, Kipchumba Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, alipotoa kurasa kadhaa: sheria inayotumika ni ya China, mizozo husuluhishwa Beijing, na yaliyomo ni siri. Kifungu hicho cha siri kilikubaliwa na Wakenya wenzetu, kwa kalamu yao. Huu wa yuan ningependa kuusoma mzima, na mapema, si kungoja miaka minane kama ule wa kwanza.